Pumu ya ngozi kwa watoto: Kinachofuata baada ya kuoga ndicho muhimu

Mtoto mwenye pumu ya ngozi hujikuna usiku kucha, na kunapokucha mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imechubuka. Wazazi wengi huudhani ugonjwa huu kuwa fangasi au uchafu, wakamsugua mtoto kwa dodoki na sabuni kali. Hapo ndipo hali inapozidi kuwa mbaya.

Pumu ya ngozi haiambukizi wala haitokani na uchafu. Ngozi ya mtoto huyu haina kinga ya kutosha ya mafuta: maji yaliyomo ndani hutoka kwa urahisi, huku vumbi, manukato na bakteria wakipata upenyo. Maji ya moto na sabuni huondoa hata mafuta kidogo yaliyobaki.

Hata hivyo, mtoto aoge. Tumia maji ya uvuguvugu, kwa dakika 5 hadi 10. Sabuni iwe isiyo na manukato, tena kwenye kwapa, kinena na makalio tu. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo laini, bila kumsugua. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika 3, mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu mwili mzima. Mafuta hayo huzuia maji yasitoke. Kama daktari ameandika krimu ya mabaka, itumie kama alivyoelekeza.

Vipi kuhusu mafuta ya kutia kwenye maji ya kuogea? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia watoto 483 wa umri wa mwaka 1 hadi 11. Wote waliendelea kupakwa mafuta yao ya kawaida. Walioongezewa mafuta ndani ya maji hawakupata nafuu ya maana kuliko wenzao.

Baadhi ya madaktari hushauri kuoga kwa maji yenye klorini kidogo sana kwa watoto ambao ngozi yao hushambuliwa na bakteria mara kwa mara. Usijaribu bila kipimo cha daktari, kwa sababu nguvu ya klorini hutofautiana kati ya chupa na chupa, na ikizidi huunguza.

Ukiona usaha, magamba ya manjano, malengelenge yenye maumivu au homa, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo. Kwa siku nyingine zote, mzazi, fedha ya mafuta ya kutia majini inunulie mafuta ya kupaka, na kopo liwe tayari kabla mtoto hajaingia kuoga.