Wimbo wa Dakika Ishirini: Mashabiki wa Roki na Metali Wanavyolinganisha na Kupiga Kura

Miongoni mwa wanafunzi wetu wa Kiswahili wamo wapenzi wa muziki wa roki na hevi metali. Idadi yao si kubwa, lakini mabishano yao ni makali, na Nairobi na Kampala kwenyewe pana bendi zinazopiga metali. Wakikutana hawabishani juu ya nyimbo fupi za redioni. Wanabishana juu ya nyimbo ndefu, za dakika 13, 20 au hata 40, na swali lao ni moja: upi ni bora kuliko yote? Kisha hupiga kura.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ulinganishaji huo unavyofanyika, na kwa nini matokeo ya kura hutofautiana hata pale ambapo wapiga kura ni wale wale. Tumeona mada hii inafaa jarida la idara yetu kwa sababu mbili. Kwanza, swali la kulinganisha kazi mbili ndefu huwashinda watahiniwa wengi wa fasihi. Wanaandika kwamba kazi ya kwanza "ni bora zaidi" bila kusema kwa kigezo gani. Pili, vitabu teule vya kozi nyingi huamuliwa kwa kura ya walimu walioketi mezani, na ni wachache wanaojiuliza kura hiyo ihesabiwe vipi.

Tuanze na chimbuko. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baadhi ya bendi za Uingereza zilichoshwa na wimbo wa dakika tatu uliokusudiwa redio. Zikaanza kutunga vipande virefu vyenye sehemu kadhaa, zikichota kutoka muziki wa okestra wa Ulaya na jazi. Mtindo huo ukaitwa roki progresivu, yaani roki inayosonga mbele. Mwaka 1971 Pink Floyd walitoa "Echoes", wimbo wa dakika 23 na ushei. Mwaka 1972 Genesis walitoa "Supper's Ready", wenye sehemu saba na dakika kama 23, na Yes wakatoa "Close to the Edge" wa dakika 18 hivi. Kutoka Kanada, Rush walitoa "2112" mwaka 1976, dakika 20 na kidogo.

Msomaji makini ataona kwamba urefu huu unakaribiana mno. Sababu yake ni sahani ya santuri. Upande mmoja wa sahani kubwa ulibeba muziki wa dakika ishirini na kitu bila sauti kuharibika, hivyo mtunzi aliyetaka wimbo mrefu alikuwa na upande mmoja wa kuujaza. Kipimo cha chombo kikageuka kanuni ya utungo. Jethro Tull ndio waliovuka mpaka huo mwaka 1972 kwa "Thick as a Brick", wimbo mmoja wa dakika zaidi ya 40 uliokalia pande zote mbili, ikabidi msikilizaji ainuke na kugeuza sahani katikati ya wimbo. Walidai kwa mzaha kwamba maneno yake ni shairi la mtoto wa miaka minane. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 mpaka ulisogea mbali. Mwaka 2001 Green Carnation wa Norway walitoa wimbo mmoja wa saa nzima.

Upande wa hevi metali, wimbo unaotajwa kila mara ni "Rime of the Ancient Mariner" wa Iron Maiden (1984), dakika 13 na nusu na zaidi kidogo. Huu unatuhusu sana watu wa fasihi, kwani Steve Harris aliutunga kutokana na shairi la Samuel Taylor Coleridge lililochapishwa mwaka 1798: baharia anamuua ndege bila sababu, laana inaishukia merikebu, wenzake wanakufa kwa kiu, naye anabaki hai ili asimulie. Bendi hiyo haikuvuka urefu wa wimbo huo hadi mwaka 2015, ilipotoa "Empire of the Clouds", dakika 18, juu ya chombo cha anga R101 kilichoanguka Ufaransa mwaka 1930 na kuua watu 48. Bendi za metali progresivu nazo zikafuata. Dream Theater walitoa "A Change of Seasons" mwaka 1995, na Symphony X wakatoa "The Odyssey" mwaka 2002, unaofuata masimulizi ya Homer.

Hapa panazuka swali la istilahi. Mashabiki huziita nyimbo hizi kwa neno la Kiingereza ambalo wanafunzi wetu hulitafsiri haraka kuwa "utenzi" au "utendi". Tafsiri hiyo inahitaji tahadhari. Kwetu utendi ni umbo kwanza: ubeti wa mishororo minne, aghalabu mizani minane kwa mshororo, mishororo mitatu ya kwanza yenye kina kimoja, na wa nne wenye kina cha bahari kinachorudi hadi mwisho. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni utendi kwa umbo na pia ni masimulizi ya kishujaa ya vita. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni utendi kwa umbo, lakini ni wasia wa mama kwa binti yake; hauna vita wala shujaa wa upanga. Kwa hiyo urefu peke yake hauufanyi utungo kuwa wa kishujaa, na umbo peke yake vivyo hivyo.

Tukiupitisha muziki huu katika chekecheo hilo, orodha ya mashabiki inagawanyika. "2112" una mhusika, mgogoro na kilele: katika mji wa siku zijazo unaotawaliwa na makuhani, mtu anaokota gitaa, anajifunza kulipiga, anawapelekea wakubwa akidhani watafurahi, nao wanamkataa. "Rime" na "The Odyssey" ni masimulizi bila ubishi. "Echoes" hauna mhusika wala tukio la kusimulia. Ni mrefu, una hali na taswira, basi. "A Change of Seasons" ni maombolezo kwa sehemu kubwa, kwani Mike Portnoy aliandika maneno yake akimkumbuka mama yake aliyefariki katika ajali ya ndege. Kuulinganisha na "2112" kwa kigezo cha ushujaa ni sawa na kumlaumu Mwana Kupona kwa kutopigana.

Mashabiki wazoefu hutumia vigezo gani basi? Kilicho kizito kuliko vyote ni umoja. Wimbo wa dakika 20 unaweza kuwa nyimbo fupi tano zilizogandishwa, na lawama hiyo hutolewa mara nyingi, wakati mwingine kwa haki. Kinachouponya wimbo ni kitu kinachorudi. Katika "Supper's Ready" lahani ya mwanzo kabisa, ya upole, inarejea karibu na mwisho ikiwa imevaa sauti kubwa, baada ya sehemu ngumu yenye mapigo ya tisa kwa nane ambayo jina lake linataja Ufunuo wa Yohana kwa fumbo. "Close to the Edge" unafunguka na kufungika kwa sauti za maji na ndege. "2112" unaanza kwa utangulizi wa vyombo unaodokeza lahani zitakazokuja baadaye. Kina cha bahari hufanya kazi inayofanana na hiyo katika utendi: msikilizaji anaweza kupotelewa na kisa, lakini sikio linajua kwamba bado yumo safarini. Tofauti ni kwamba kina cha bahari hurudi kila ubeti, ilhali lahani ya Genesis inasubiri dakika nyingi. Mwanafunzi akiiona tofauti hiyo amekwisha kuwa na aya moja ya fasihi linganishi.

Vigezo vingine ni ufundi wa wapigaji, uzito wa maneno, na mwisho wa wimbo. Cha ufundi sisi hatukithamini sana. Kupiga noti nyingi kwa haraka ni jambo la kustaajabisha kwa dakika mbili, si kwa ishirini.

Sasa tuje kwenye kura, na hapa tunaomba msomaji ashike kalamu. Tuchukulie kuna wapiga kura 15 na nyimbo tatu: "Supper's Ready", "2112" na "Rime". Kila mmoja anazipanga kwa mapenzi yake. Sita wanapanga "Supper's Ready", kisha "Rime", kisha "2112". Watano wanapanga "2112", kisha "Rime", kisha "Supper's Ready". Wanne waliobaki wanapanga "Rime", kisha "2112", kisha "Supper's Ready".

Tukihesabu chaguo la kwanza tu, "Supper's Ready" inashinda kwa kura 6 dhidi ya 5 na 4. Tukitumia duru mbili, "Rime" inatolewa kwa kuwa ya mwisho, kura zake nne zinahamia "2112", nayo inashinda kwa 9 dhidi ya 6. Tukizishindanisha mbili mbili, "Rime" inaishinda "Supper's Ready" kwa 9 dhidi ya 6, na inaishinda "2112" kwa 10 dhidi ya 5. Watu ni wale wale na mapenzi yao ni yale yale, lakini washindi ni watatu. Aliyechagua njia ya kuhesabu ndiye aliyechagua mshindi.

Jambo hili liliwashughulisha Wafaransa wawili katika karne ya 18. Jean-Charles de Borda alipendekeza kutoa pointi kwa nafasi. Katika mfano wetu, tukitoa pointi 2 kwa chaguo la kwanza, 1 kwa la pili na 0 kwa la tatu, "Rime" inapata 19, "2112" inapata 14 na "Supper's Ready" 12. Condorcet, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alipendelea kushindanisha mbili mbili, akaonyesha pia kwamba njia hiyo inaweza kuzunguka: ya kwanza inaishinda ya pili, ya pili inaishinda ya tatu, na ya tatu inaishinda ya kwanza. Likitokea hilo katika mashindano ya mtoano, anayepanga ratiba ana nguvu kuliko mpiga kura.

Hesabu hizi zinadhani kila mpiga kura amezisikiliza nyimbo zote, na hapo ndipo kura nyingi huharibika. Nyimbo kumi za dakika 20 ni zaidi ya saa tatu za kusikiliza kwa makini. Wengi huupigia kura ule wanaoujua tangu ujana, na "Rime" hunufaika kwa kuwa Iron Maiden wana wafuasi kila bara, ilhali bendi yenye wasikilizaji wachache hushindwa kabla haijasikika. Njia ya Borda inaumia hasa hapo, maana asiyeujua wimbo huuweka mwisho. Kanuni ya haki ni kwamba asiyesikiliza zote mbili asipige kura katika jozi hiyo. Tungependa kuiona kanuni hiyo kwenye vikao vya kuteua vitabu pia: asiyesoma riwaya asiinue mkono.

Kuna pia suala la wimbo mmoja ni upi. "Shine On You Crazy Diamond" wa Pink Floyd (1975) una sehemu tisa, lakini umekatwa vipande viwili, kimoja kikifungua sahani na kingine kikiifunga. "Six Degrees of Inner Turbulence" wa Dream Theater (2002) ni wa dakika 42, lakini kwenye CD umegawanywa katika namba nane. Baadhi huzikubali, wengine huzikataa. Halafu lipo toleo la jukwaani na toleo la studio. Anayefundisha fasihi simulizi hatashangaa, masimulizi ya Fumo Liyongo yamemzoeza kuuliza "toleo lipi?" kabla ya kuuliza "bora?"

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu zoezi hili na wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, kipindi cha saa mbili kinatosha jozi moja, si zaidi. Jozi tunayoipendekeza ni "Rime" na "2112", kwa kuwa zote mbili zinasimulia na maneno yake yanafuatilika kwa anayejua Kiingereza cha wastani. Kila mwanafunzi aandike kwanza vigezo vyake vitatu kwa Kiswahili na avikabidhi kabla muziki haujaanza kupigwa, ili asije akavitunga baadaye kumfaa mshindi wake. Kisha wasikilize, waandike aya moja kwa kila kigezo, na kura ipigwe mwisho kabisa. Wiki inayofuata jozi iwe ya tendi mbili, kwa karatasi ile ile ya vigezo.