Begi la Kamera: Ubebe Nini, Uache Nini Chumbani?

Kila wiki lazima nikutane na mwanachuo aliyepata kamera. Mwingine kajibana bumu mbili, mwingine kaka yake kamletea kutoka Dubai, mwingine kanunua ya mkononi kwa mtu anayemaliza mwaka wa tatu. Anakaa nami pale kwenye vimbweta, anaitoa kwenye kitambaa taratibu kama yai, halafu linakuja swali: "Kaka, sasa niongeze lenzi gani?"

Zamani nilikuwa namwandikia orodha. Siku hizi na mimi namuuliza: hizo ulizonazo, unazibeba? Wengi wanacheka. Kamera ipo kabatini na begi lake wiki ya tatu sasa, kwa sababu kutoka nalo ni kazi kama ya kuhama hosteli.

Nami nilikuwa hivyo, ila ugonjwa wangu ulikuwa wa upande wa pili: nilikuwa nabeba kila kitu. Makala hii inaeleza nilivyoacha, na hesabu niliyoitumia, ili na wewe uipige ya kwako kabla hujatumia hela.

Nianze na siku iliyonifundisha. Ilikuwa mahafali, na dada mmoja wa darasa la mbele yangu alikuwa amenilipa nimpige picha siku nzima. Mama yake alikuwa anatoka Shinyanga, kalala njiani kwenye basi, na tulikubaliana tumpokee pale karibu na Nkrumah. Mimi nilikuwa na begi limejaa: lenzi tatu, flashi, stendi, na kompyuta juu yake. Tukamwona mama anakuja kwa mbali na mfuko wake. Nikasema hapa ndipo mahali pa lenzi ya kuvuta. Nikatoa lenzi ya kwanza, nikashika kifuniko kwa meno, nikawa natafuta ya pili chini ya stendi.

Nilipoinua kichwa, yule dada alikuwa ameshapiga magoti na joho lake kumwamkia mama. Na mama alikuwa ameshamwinua, anamfuta vumbi la magotini kwa ncha ya kanga, anasema, "Inuka mama, utachafua joho." Nilisikia maneno yote. Kamera yangu wakati huo haikuwa na lenzi kabisa.

Nikafanya jambo ambalo bado linaniuma. Nikamwomba mama arudie. Akaniangalia kwa upole tu, akasema, "Si tumeshasalimiana, mwanangu?" Lakini akarudi hatua kumi, akaja tena, binti akapiga magoti tena. Picha ipo, ni kali, mwanga mzuri. Ukiitazama unawaona watu wawili wanaosubiri kuambiwa basi. Nilimrudishia yule dada nusu ya hela. Hakuwa ameniomba.

Usiku ule nilipima begi langu kwenye mizani ya muuza nyanya jirani na hosteli. Kamera yangu ni Canon 700D, ambayo yenyewe na betri yake ni gramu 580. Lenzi iliyokuja nayo, ya 18 hadi 55, ni gramu 205. Ya 50 isiyovuta ni gramu 160. Ya 55 hadi 250 ni gramu 375. Ukizitazama moja moja hakuna nzito. Ongeza flashi na betri zake nne, stendi, kompyuta na chupa ya maji: mizani ilisoma karibu kilo sita. Kilo sita hizo napanda nazo daladala ya Mwenge nimesimama.

Sasa tuje kwenye hesabu.

Hatua ya kwanza ni kuuliza picha zako zenyewe. Kila picha ya kamera ya kidijitali inajiandikia taarifa zake: lenzi gani, milimita ngapi, kasi gani, saa ngapi. Fungua sehemu ya taarifa za picha kwenye kompyuta utaziona. Nilichukua kazi zangu za muhula mzima, nikaacha zile nilizofuta, nikaangalia zile tu ambazo watu walizipokea na kuziweka kwenye statasi. Nilifikiri lenzi ya kuvuta ndiyo inanilisha. Kumbe ukiondoa mechi za mpira, karibu hazikuwepo. Picha nyingi zilikuwa za kati ya 18 na 24, au za 50. Yaani nilikuwa nabeba mzigo kwa ajili ya picha ninazoziwaza, wakati ninazopiga ni nyingine.

Hatua ya pili ni kuelewa zile namba, maana ndizo zinazokuambia lenzi gani ikae nyumbani.

Namba ya milimita inakuambia utaona eneo pana kiasi gani. Namba ndogo inaona pana, namba kubwa inavuta. Ila kamera zetu nyingi za bei ya mwanafunzi zina sensa ndogo kuliko kipande cha filamu ya zamani, kwa hiyo zinakata pembeni. Kwa Canon za aina yangu unazidisha kwa 1.6, kwa Nikon na Sony zenye sensa ya namna hiyo unazidisha kwa 1.5. Hivyo 50 yangu inaona kama 80 ya kamera ya sensa kubwa. Ukisoma ushauri wa mtu kwamba 50 inatosha kwa kila kitu, angalia kwanza anatumia kamera gani.

Nitakupa mfano wa chumbani. Ukitaka mtu mzima aingie wima, kichwa mpaka viatu na nafasi kidogo, kwa 50 kwenye kamera yangu lazima urudi nyuma kama mita tano. Kwa 24 unahitaji kama mita mbili na nusu. Chumba cha hosteli chenye vitanda viwili vya juu na chini, mita tano unazipata wapi? Utatokea koridoni. Lakini nje kwenye nyasi, 50 hiyo hiyo inampendeza mtu uso kuliko 18, kwa sababu ukiwa na 18 unalazimika kumsogelea mno, na pua inakuwa ndiyo mgeni rasmi.

Namba ya pili ni ile ya f, yaani tundu la kupitishia mwanga. Hapa watu wanachanganyikiwa kwa sababu inaenda kinyume: f ndogo, tundu kubwa. Lenzi iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka 55, mwisho wake ni f/5.6. Ile ya 50 inafika f/1.8. Tofauti ya mwanga unaoingia ni kama mara kumi. Fikiria uko ukumbini jioni, taa ni za rangi, watu wanapiga makofi. Lenzi ya kwanza inakulazimisha kasi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mikono ya watu wote inakuwa moshi. Ya pili, bila kubadilisha kitu kingine, inakupa sehemu moja ya mia. Mtu anaonekana ana vidole.

Usidanganyike na ile swichi ya kuzuia mtikisiko. Inasaidia mkono wako usitikisike. Bibi harusi anayecheza haimzuii.

Nayo f/1.8 ina gharama yake. Eneo lililo wazi linakuwa jembamba. Ukipanga darasa zima mistari miwili halafu ukapiga kwa f/1.8, wa mbele wataonekana na wa nyuma watakuja inboksi kuuliza wamekukosea nini. Kwa kundi, funga tundu mpaka f/5.6 au f/8.

Hatua ya tatu ni kuamua ukiwa bado chumbani. Baada ya ile siku ya mahafali nilijiwekea sheria: lenzi moja ikae kwenye kamera, moja ya akiba, ya tatu haitoki. Na lenzi haibadilishwi mtu akiwa anakuja. Nabadilisha pale tu mahali au mwanga unapobadilika, kwa mfano tunapoingia ukumbini au magharibi ikishaingia. Vinginevyo natumia miguu.

Kwa hiyo mgawanyo wangu sasa uko hivi. Siku ya kawaida ya darasa: kamera na 18 hadi 55 juu yake, na ile ya 50 ndani ya soksi safi kwenye mfuko wa pembeni. Mahafali ya mchana: hivyo hivyo. Sendofu au usiku wa tuzo: 50 kwenye kamera, 18 hadi 55 akiba kwa ajili ya picha za familia nzima, na flashi. Mechi ya mpira: ya 55 hadi 250 peke yake, basi, kwa sababu uwanjani sitaki hata wazo la kubadilisha, vumbi likiingia kwenye sensa utaona vidoa kwenye kila anga unayopiga. Stendi inatoka mara chache sana, nikipiga majengo usiku au nikirekodi mahojiano.

Kinachobaki kwenye begi kila siku ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviuliza. Betri ya pili, iliyojaa. Betri ya kamera yangu inakaa kama picha 400, na umeme ukikatika usiku kabla ya kazi hakuna cha kumwambia mteja. Memori kadi mbili za GB 32, badala ya moja ya GB 64. Ikifa moja, nusu ya siku imepona. Kitambaa laini cha lenzi, kwa sababu fulana ina chembe za mchanga zinazokwangua. Mfuko wa nailoni wa kufunikia kamera, maana masika haitoi taarifa.

Wenzangu wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa wana adui mwingine: unyevu. Lenzi ikikaa gizani kwenye kabati lenye joto na unyevu inaota fangasi ndani, kama utando wa buibui, na kuisafisha inaweza kukugharimu karibu bei ya nyingine. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi la viatu, usitupe; weka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na lenzi usizozibeba. Lakini dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kuitumia, ipate hewa na jua kidogo. Kwa hiyo lenzi unayoiacha nyumbani mwaka mzima nayo inazeeka. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kioo kinapiga ukungu papo hapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama dakika ishirini, ifuate joto taratibu. Usiifute futa.

Begi lenyewe? Natumia la kawaida la madaftari. Begi lenye jina la kampuni ya kamera kwa herufi nyeupe linamtangazia kila mtu kituoni thamani ya ulichobeba. Kamera naizungushia kitenge, naiweka katikati ya madaftari, na kwenye daladala begi linakaa kifuani. Bodaboda, vivyo hivyo.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu wa vimbweta na swali lake. Kama una kamera na lenzi iliyokuja nayo tu, usinunue kitu kwa mwezi mmoja. Ibebe kila siku. Mwisho wa mwezi fungua taarifa za picha uliyozipenda. Kama nyingi zilizoharibika ni za ndani na za jioni, tafuta ya 50 ya f/1.8, ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi na ni nyepesi. Kama kila mara unagonga ukuta kwa mgongo, unahitaji pana zaidi. Kama umesimama pembeni ya uwanja na wachezaji ni sisimizi, hapo ndipo ya kuvuta inapopata sababu. Na kama kwa mwezi mzima kamera haikutoka, mdogo wangu, shida haikuwa lenzi.

Stendi yangu nimemwazima mwenzangu anayerekodi kwaya. Anaitumia kila Jumapili. Ya kuvuta iko kwenye chombo chake, natoa mechi ikiwepo.

Yule dada alinipigia mwezi uliopita. Mdogo wake anahitimu mwaka huu, na mama anakuja tena na basi lile la usiku. Nilidhani amekosea namba. Akasema, "Hapana, ni wewe. Ila safari hii mama kasema hatarudia." Nikamwambia amwambie mama shikamoo, na kwamba nitakuwa kituoni kabla ya basi, na begi dogo.