Hijama Bila ya Kupiga Chuku

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi tumekuwa tukiisifu hijama katika darsa zetu za baada ya Magharibi. Tumeisimulia hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, inayoitaja hijama pamoja na asali miongoni mwa mambo yenye shifaa. Tumesimulia pia habari ya Abu Taiba, aliyemuumika Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akalipwa ujira wake kwa chakula, na mabwana zake wakaombwa wampunguzie kodi waliyokuwa wakimtoza.

Usiku mmoja kijana akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu: "Sheikh, wewe mwenyewe umeshapigwa hijama?"

Tukanyamaza. Hatukuwa tumewahi. Na sababu, tuungame, ni kuwa tunaiogopa sindano tangu utotoni, seuze wembe.

Basi ilipofika siku ya 17 ya mwezi mwandamo tulitia nia, tukaenda kwa tabibu mmoja aliyewahi kusoma kwetu chuoni. Tulidhani tutavua kanzu na kulala mara moja. Kumbe yalitangulia maswali. Alitupima presha na kutuuliza dawa tunazotumia, kama tuna kisukari, kama tunameza dawa za kuzuia damu isigande, na kama tumefunga siku ile. Akatuonyesha wembe mpya ndani ya karatasi yake na vikombe ambavyo havijamgusa mtu. Kisha akavaa glavu.

Wazee wetu wa pwani waliumika kwa pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani: mwumishi akafyonza hewa kwa kinywa, halafu akaliziba tundu kwa nta. Pembe hiyo ndiyo chuku. Leo ni kikombe cha plastiki na pampu ndogo ya mkono, lakini kazi ni ile ile. Ngozi ya mgongo ilivutwa ikavimba, tukahisi kama tumefinywa na mkono mkubwa usiotaka kuachia. Baada ya dakika chache aliviondoa vikombe, akachanja michanjo midogo mno, akavirudisha. Tuliuma meno tukingojea maumivu makubwa, na hayakuja. Tulisikia mkwaruzo tu, kama wa kucha za paka. Damu iliyotoka ilikuwa nzito, nusu yake imeganda. Mwishoni alitupaka mafuta ya habasoda, na wembe akautia katika kisanduku cha vitu vyenye ncha kali.

Tulipovaa akasema: "Maalim, hii si badala ya vidonge vyako vya presha. Usiviache." Tukamjibu kuwa tumesikia.

Nyumbani tulijiona wepesi, na usiku ule tulilala usingizi ambao hatujaulala kwa muda mrefu. Asubuhi tukajisemea nafsini: tumeshapona, vidonge vya nini tena? Tukaviacha siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne mama watoto aliihesabu pakiti, akaona vidonge havipungui. Hakugombana nasi. Alituletea kanzu na kusema: "Twende zahanati, kisha uendelee na tawakali yako." Presha ilikuwa 178 kwa 104. Daktari alitutazama kimya kwa kitambo, nasi tukaona haya kuliko tulivyoona maumivu.

Hapo tulizingatia neno la lugha yetu. Chuku huivimbisha ngozi kuliko ilivyo. Si ajabu basi mwenye kuyavimbisha maneno akaambiwa anapiga chuku. Sisi tulikuwa tumeipiga chuku hijama yenyewe. Hadithi ilitufundisha kuwa ndani yake mna shifaa; sisi tukaigeuza ikawa ndiyo tiba pekee, tusijali kuwa Mtume huyo huyo aliuamrisha umma wake kujitibu, wala hakuwafungia watu mlango wa dawa nyingine. Na ni nani ajuaye, katika wanaotusikiliza, ni wangapi waliorudi nyumbani wakatupa vidonge vyao kwa maneno yetu?

Darsa iliyofuata tulimwita yule kijana aketi mbele, tukawasimulia wote kisa hiki bila ya kuficha. Tuliwaambia hijama ni Sunna njema, nasi tutairudia inshallah. Lakini mwenye kutaka kuumikwa na amtafute mjuzi, kwani Abu Dawud ameipokea hadithi inayombebesha dhamana mwenye kutibu watu bila ya kujulikana kwa utabibu. Auangalie wembe ukifunguliwa mbele ya macho yake, kwa sababu damu hubeba maradhi ya ini na ukimwi. Aseme dawa anazotumia, asifiche. Na akirudi nyumbani, vidonge alivyoandikiwa na daktari avimeze kwa saa zake, mpaka daktari mwenyewe aseme vinginevyo.

Alama za duara bado ziko mgongoni petu, zinafifia. Pakiti ya vidonge sasa inakaa juu ya meza ya kulia, mahali ambapo mama watoto anaiona.

Wabillahi tawfiq.