Kiongezo cha magazini: Anza na rula kabla ya kuhesabu risasi

Kama umewahi kucheza COD Mobile au PUBG, hii kitu unaijua. Unaweka magazini ndefu kwenye bunduki, unabonyeza mara moja, na sasa una risasi zaidi. Mambo kwisha. Hakuna anayekuuliza springi ina nguvu gani, na hakuna refa anayekuja na kipimo.

Kwenye mashindano ya kweli ya bastola, refa huja na kipimo. Na magazini yako ikizidi hata milimita moja, unaweza kujipata unashindana na watu wenye silaha za hali ya juu kuliko yako, na huna la kusema.

Wengi wetu tulianza kuona vitu hivi mwaka wa 2016, wakati video ya Keanu Reeves akifanya mazoezi ya filamu ya pili ya John Wick ilipozunguka mtandaoni kama moto wa nyika. Aliyekuwa akimfunza ni Taran Butler, mlengaji wa miaka mingi kwenye mashindano ya Marekani. Kampuni yake, Taran Tactical Innovations, inatengeneza, pamoja na mambo mengine, vile vitako virefu unavyoviona vikichomoza chini ya mpini wa bastola. Hivyo ndivyo viongezo vya magazini. Kwenye filamu vinapendeza tu, lakini kwenye uwanja vinaweza kukupandisha au kukuangusha.

Mchezo wenyewe unaendaje

Shirikisho kubwa la mchezo huu ni IPSC, lililoanzishwa mwaka wa 1976 huko Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Tawi lake la Marekani linaitwa USPSA. Mlengaji hasimami sehemu moja kama kwenye Olimpiki. Anakimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine, anapiga shabaha za karatasi na vibao vya chuma, na saa inahesabu kila sekunde.

Alama zinapatikana hivi: jumla ya pointi inagawanywa kwa muda uliotumia. Tuseme steji ina risasi 32, kila moja ikiwa na thamani ya pointi 5. Ukipata zote, una 160. Ukimaliza kwa sekunde 20, alama yako ni 8. Ukipoteza sekunde moja na nusu ukibadili magazini umesimama kama mlingoti, inashuka hadi 7.44. Bastola ikikwama na kukula sekunde nne, uko 6.67. Hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wazima wanakesha wakibishana kuhusu kipande cha alumini.

Rula kwanza

Kosa la kawaida ni mtu kuingia dukani na swali moja tu: "Hiki kinaongeza risasi ngapi?" Swali la kwanza linafaa kuwa, "Nashindana divisheni gani?"

Kwenye USPSA, divisheni za Limited na Carry Optics zinaruhusu magazini isiyozidi milimita 141.25. Watu huiita "ya 140". Open, ile ya bastola zilizojazwa kila kitu, inaruhusu hadi 171.25, nayo huitwa "ya 170". Kipimo kinachukuliwa upande wa nyuma wa magazini, kitako kikiwa ndani ya hesabu.

IPSC wana mambo yao. Open inakomea milimita 170. Lakini Standard haina urefu maalum wa magazini. Kuna sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45, na bastola yako ikiwa na magazini ndani lazima iingie humo yote. Kwa hivyo kiongezo kinachoingia sandukuni na bastola ya rafiki yako kinaweza kukataa na yako, kwa sababu mpini wako ni mrefu zaidi. Kisha kuna Production, ambako unaanza na risasi zisizozidi 15 kwenye magazini. Hapo kiongezo hakikupi hata risasi moja ya ziada. Unanunua uzito tu.

Ukikosa kipimo, adhabu ya kawaida ni kuhamishwa hadi Open. Wewe na bastola yako ya kawaida, mbele ya watu wenye vipunguza-mruko na magazini za risasi 28. Noma.

Kitu kingine: maneno "ya 140" kwenye paketi hayatoshi. Urefu unatokana na vitu viwili, bomba la magazini na kiongezo chenyewe. Kiongezo kilichochongwa kwa bomba moja kikiwekwa kwenye lingine linalofanana nalo kinaweza kuzidi. Pima kila magazini. Ukiwa na tano, pima zote tano.

Hesabu ya 32

Sasa twende kwenye risasi. Steji ndefu, IPSC na hata USPSA, haizidi risasi 32. Hii ndiyo namba ya kuweka kichwani.

Chukua Glock 17. Magazini yake ya kawaida hubeba 17. Ukiweka kiongezo cha 140 unafika 22 au 23, kulingana na springi. Ongeza moja iliyo tayari kwenye chemba, na una 18 dhidi ya 24. Kwa hesabu ya darasani, zote mbili zinahitaji kubadili magazini mara moja ili kumaliza 32. Basi pesa zinaenda wapi?

Zinaenda kwenye uhuru wa kuchagua mahali pa kubadilia. Fikiria steji ya vituo vitatu: risasi 10, kisha 10, kisha 12. Mwenye 18 akimaliza kituo cha kwanza anabaki na 8, na cha pili kinataka 10. Ana njia mbili. Abadili akikimbia kuelekea kituo cha pili, halafu abadili tena akielekea cha tatu. Au aishiwe katikati ya kituo cha pili, asimame abadili huku saa ikimcheka. Mwenye 24 anapiga 10, anapiga 10, anabaki na 4, na anabadili mara moja tu miguu ikiwa mbioni kuelekea cha tatu. Kila kubadili kulikopunguzwa ni nafasi moja pungufu ya kuangusha magazini kwenye changarawe.

Tofauti inakuwa kubwa zaidi kwenye steji za wastani. USPSA zinakomea risasi 20. Mwenye 18 lazima abadili. Mwenye 24 hagusi mshipi kabisa, na ana nne za ziada kwa vile vibao vya chuma ambavyo hukataa kuanguka.

Na ukitaka kuona ukatili wa hesabu, angalia wale wa Production: 16 za kuanzia, kisha magazini ya 15. Jumla 31. Wanakosa moja tu kufika 32. Ndiyo maana wao hupanga kila hatua kabla ya kuanza.

Springi ndiyo injini

Watu wengi hununua kitako wakasahau kilicho ndani. Ndani ya magazini kuna springi, na juu yake kibao kinachosukuma risasi. Ukirefusha bomba na kuacha springi ya zamani, itakuwa fupi kwa kazi yake mpya. Risasi za kwanza zitapanda vizuri, kwa sababu springi imebanwa sana. Shida inakuja kwa zile za mwisho: springi imelegea, risasi inapanda polepole, slaidi inarudi mbele na kuikosa au kuikamata vibaya. Unavuta kifyatulio, kimya. Mbele ya watu.

Kwa hivyo kiongezo kirefu hununuliwa pamoja na springi yake. Kuna kampuni kama Grams Engineering ambazo zimejijengea jina kwa springi na vile vibao vya kusukuma. Baadhi ya vibao hivyo huwa vyembamba ili risasi moja zaidi ipate nafasi. Sawa, lakini uliza kwanza: kibao hicho bado kinainua kile kidude kinachoshikilia slaidi nyuma risasi zikiisha? Vingine haviinui. Kuna walengaji hawajali, kwa sababu hawapangi kuishiwa. Kama wewe ni mgeni kwenye mchezo, utataka slaidi ikuambie kwamba umeishiwa.

Angalia pia pale kiongezo kinapokutana na bomba. Pitisha kidole ndani. Ukihisi ngazi, springi itaihisi pia, na itakwaruza hapo kila ikipanda.

Alumini, shaba au plastiki?

Plastiki ni rahisi na nyepesi, lakini magazini ya mashindano huangushwa chini mara nyingi sana, kwenye mawe, saruji na matope. Alumini ndiyo chaguo la wengi kwa sababu ni imara bila kuwa nzito. Shaba ni nzito, na wanaoipenda wana sababu mbili: magazini tupu huanguka haraka ukibonyeza kitufe, na uzito wa chini hutuliza bastola mkononi. Wasioipenda wanasema ukibeba nne au tano mshipini, kufikia jioni kiuno kinaimba.

Muhimu kuliko madini ni jinsi kinavyojifunga. Kuna vinavyoshikwa na pini, kuna vya skrubu, kuna vyenye bamba la kufunga ndani. Kinacholegea kikianguka kinaachia, springi inaruka, na risasi zako zinamwagika kama njugu. Chagua kile unachoweza kufungua mwenyewe kwa kifaa kidogo bila kuvunja kucha, kwa maana utakisafisha mara kwa mara, lakini kisichofunguka chenyewe.

Kabla ya kuiamini

Haya ndiyo majaribio ambayo walengaji makini huyafanya, na risasi bandia zisizo na baruti zinatosha kwa yale ya nyumbani.

Jaza magazini hadi mwisho, iingize kwenye bastola slaidi ikiwa imefungwa, kisha ivute chini. Ikitoka, haikushika. Maana yake risasi zimebanwa hadi hakuna nafasi ya kupumua. Punguza moja. Kiongezo cha 23 ambacho hushika kikiwa na 22 ni cha 22, hata paketi iseme nini.

Iachie magazini tupu ianguke yenyewe. Ikining'inia, kuna kitu kinagusa, hasa kama bastola yako ina mdomo mpana uliofungwa chini ya mpini.

Iangushe chini mara kadhaa kutoka usawa wa kiuno, kisha kagua kitako.

Halafu uwanjani, piga magazini nzima, kila moja, zaidi ya mara moja. Ziandike namba: 1, 2, 3, 4. Siku bastola ikikwama, utajua ni namba ngapi ilikuwa ndani. Bila namba, utatupa lawama kwa bastola, kwa risasi, hata kwa shemeji, wakati shida ni springi moja iliyochoka.

Na usinunue tano kwa mpigo. Ukichukua mfano wa dola 40 kwa kiongezo kimoja, vitano ni dola 200, na springi bado hujanunua. Hizo si doo za kubahatisha. Nunua kimoja, kijaribu, ndipo uongeze.

Sheria, huko na huku

Hata Marekani si kila mahali unajaza unavyotaka. California inakomea risasi 10 kwa magazini, na Colorado iliweka mpaka wa 15 mwaka wa 2013. Mlengaji anayesafiri kwenda mashindano jimbo lingine anaweza kuvunja sheria akiwa na kifaa ambacho nyumbani ni halali kabisa.

Huku Kenya, silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni hutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Kama wewe ni mlengaji mwenye leseni, swali lolote la kuagiza kipande lianzie hapo kabla ya kulipa. Usidanganyike ati ni kipande cha alumini tu. Marekani yenyewe ina masharti ya kuuza vipande vya silaha nje.

Pia jiulize kama unakihitaji. Ulengaji unaosikika sana hapa kwetu, kama ule wa Kirigiti kule Kiambu, ni wa mtindo wa IDPA, mchezo ulioanza mwaka wa 1996 kwa wazo la bastola za kawaida za kujilinda. Sheria zake zinapanga idadi ya risasi unazojaza kwa kila divisheni, na bastola hupimwa kwa sanduku. Kiongezo cha 140 huko hakikupi faida. Pesa hizo zikienda kwa risasi za mazoezi na magazini mbili za kawaida zilizo fiti, utaona tofauti kwenye alama.

Kwa hivyo ukisikia vijana wakibishana ni kiongezo gani kinabeba zaidi, waulize maswali matatu: divisheni gani, umepima wapi, na zile risasi tatu za mwisho zinapanda? Wakikujibu la tatu bila kusita, hao wamefanya kazi yao.