Pembe, Wembe na Sindano ya Jiangsu

Mumishi wa zamani hakuhitaji vifaa vingi. Alikuwa na pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, wembe, na kidonge cha nta alichokitia mdomoni kabla ya kuanza. Aliubandika mdomo mpana wa pembe mgongoni au begani mwa mgonjwa, akafyonza hewa kwa kile kitundu cha juu, kisha akakiziba kwa nta kwa ncha ya ulimi bila kuiachia pembe. Nyama ikavimba ndani. Baada ya muda aliibandua, akachanja vijistari kwa wembe, akaibandika tena, na safari hii damu ikatoka.

Unguja kazi hii haijafa. Wengine bado wanaiita kuumika, wengine kupiga chuku, na vijana wengi wanaiita hijama. Pembe imekuwa kikombe cha plastiki chenye pampu ya mkono, na wapo wateja wasiokuja ila tarehe 17, 19 au 21 ya mwezi wa Kiislamu. Ukiwauliza wanachotibu, watakutajia kichwa, mgongo, viungo, na baridi yabisi ambayo haikuanza jana.

Si mbali na mitaa ya Ng'ambo, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ipo Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo baada ya Mapinduzi ilibeba kwa miaka jina la V. I. Lenin. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakija kwa zamu Zanzibar tangu Agosti 1964, miezi saba tu baada ya Mapinduzi. Wanafanya kazi hapo na Mkoani, Pemba. Wengi wao ni wapasuaji, madaktari wa uzazi, mabingwa wa macho na wa magonjwa ya ndani, lakini katika timu hizo wamekuwamo pia mabingwa wa akupancha, zile tunazoziita sindano za Kichina.

Watu huziona kazi hizi mbili kama mbingu na ardhi. Moja ni ya bibi na ya dini, nyingine ya hospitali na ya mgeni. Historia inasema vingine, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika Jiangsu ileile.

Sindano za kale za China hazikuwa hizi nyembamba tunazoziona leo. Nyingine zilikuwa nene, zenye makali, na kazi yake ilikuwa kutumbua majipu na kutoa damu. Heshima yake ilipanda na kushuka. Mwaka 1822 mfalme aliifuta akupancha katika taasisi yake ya tiba, na mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wa mitaani, mara nyingi bila kujali usafi. Mumishi wetu angejiona nyumbani.

Aliyeigeuza akupancha ni Cheng Dan'an, mtoto wa tabibu, aliyezaliwa Jiangsu mwaka 1899. Miaka ya 1930, katika mji wa Wuxi, aliendesha skuli na jarida la akupancha, akifundisha hata kwa barua. Mwaka 1934 alikwenda Japani kuona wenzake walivyoiunganisha kazi hiyo na elimu ya mwili. Alizihamisha sehemu za kuchoma zikae mbali na mishipa ya damu, akazieleza kwa kufuata mishipa ya fahamu, na akatetea sindano nyembamba isiyotoa damu. Mwaka 1954 alipewa kuongoza skuli mpya ya tiba ya Kichina mjini Nanjing, na walimu wake kadhaa baadaye walihamishiwa Beijing kufundisha huko. Mwaka 1975, kwa ombi la Shirika la Afya Duniani, Nanjing ikawa miongoni mwa vituo vitatu vya kufundisha akupancha kwa wageni, pamoja na Beijing na Shanghai.

Kwa hiyo anayekwambia sindano hizi zina umri wa miaka elfu mbili amesema nusu ya kweli. Mawazo ni ya kale. Sindano yenyewe kama inavyofundishwa leo, pamoja na mtihani na kitabu cha darasani, ni kazi ya karne ya 20.

Elisabeth Hsu, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikaa darasani mjini Kunming mwishoni mwa miaka ya 1980 ili ajifunze namna tiba hii inavyorithishwa. Katika kitabu chake cha 1999 alieleza njia tatu: siri ya mganga kwa mwanafunzi aliyemteua, ukaribu wa mzee msomi na wafuasi wake, na darasa la chuo lenye silabasi. Baadaye alifanya utafiti Tanzania, Unguja ikiwamo, na makala yake ya 2002 iliutaja mtazamo wa wagonjwa wa huku kwamba dawa ya Kichina hufanya kazi haraka. Ulaya watu huifuata wakiamini ni ya polepole na ya upole. Mgonjwa naye huja na lake.

Sasa sayansi. Sindano ni uzi wa chuma usio na tundu, unene wake kama robo ya milimita. Mwanafunzi huanza kwa kuchoma kibunda cha karatasi au pamba, kisha mwili wake mwenyewe. Vipimo havitoki kwenye rula bali kwenye vidole vya mgonjwa. Sehemu iitwayo Zusanli, kwa mfano, iko nyanda nne chini ya goti, kidogo upande wa nje wa muundi. Daktari huisokota sindano mpaka mgonjwa aseme anasikia uzito, ganzi au kujaa. Helene Langevin na wenzake, Marekani, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba sindano inaposokotwa, nyuzi za tishu chini ya ngozi huizunguka, kama usumba unavyojisokota mkononi mwa msuka kamba. Mwaka 1977 watafiti waligundua kuwa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni, hupunguza nafuu ya maumivu inayoletwa na sindano. Maana yake mwili hutoa dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Hapo mashabiki hushangilia. Lakini wasubiri kidogo. Mwaka 2007 Wajerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa sindano za kweli walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juujuu, mahali pasipo sehemu yoyote ya akupancha, walikuwa asilimia 44.2. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida, yaani dawa na mazoezi, walikuwa 27.4. Kuchomwa kulisaidia kuliko kutochomwa, lakini mahali pa kuchoma palileta tofauti ndogo mno.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote hapa. Linganisha na dawa mseto ya malaria. Kiungo chake kikuu kilitafutwa na mwanasayansi wa China Tu Youyou katika maandishi ya kale ya Kichina; yeye na wenzake wakakitenga miaka ya 1970, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Zanzibar ilianza kuitoa dawa hiyo mseto bure mwaka 2003. Kidonge kile hufanya kazi yake hata kikitolewa na mtu mwenye hasira. Sindano haitengeki hivyo na aliyeishika: muda wake, mkono wake, maswali anayouliza, usafi wake, na kujua kwake wapi asiguse. Juu ya bega, kwa mfano, sindano ikizama sana inaweza kutoboa pafu.

Ndiyo maana mwalimu ana thamani kuliko ramani ya sehemu za kuchoma. Timu za Jiangsu huja na kuondoka, na mgonjwa aliyemzoea daktari wake hubaki na mwingine. Waumishi wetu wapo mwaka mzima, wana mkono mwepesi na wateja wanaowaamini, ila wengi wamejifunza kwa njia ile ya kwanza ya Hsu, ya siri. Hakuna aliyewakalisha mbele ya picha ya mishipa. Na kazi yao bado ni ya damu, wakati virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B hupita kwa damu.

Zanzibar ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kina skuli yake ya afya. Madaktari wa Jiangsu wako palepale mjini. Cheng Dan'an alianza na kidogo kuliko hivyo. Waumishi wapewe kozi ya maumbile ya mwili na usafi, na daktari wa akupancha aombwe kufundisha saa chache kwa wiki, si kutibu tu.

Mpaka siku hiyo, msomaji, ukienda kuumikwa au kuchomwa sindano, hakikisha pakiti ya wembe au sindano inafunguliwa mbele ya macho yako na inatupwa ukiwapo. Na dawa yako ya presha au ya sukari usiiache, hata ukiambiwa na nani.