Kingamwili Katika Damu Zinasema Nini Kuhusu Saratani ya Utumbo?

Mgonjwa akigundulika na saratani ya utumbo mpana, yeye na ndugu zake huuliza jambo moja: atapona? Kwa miaka mingi madaktari wamejibu kwa kutazama hatua ya ugonjwa: uvimbe umepenya kiasi gani, umefika kwenye tezi za limfu, umesambaa hadi ini? Siku hizi watafiti wanaitazama damu pia, wakitafuta kingamwili, yaani protini ambazo mfumo wa kinga hutengeneza dhidi ya kitu unachokiona kama adui.

Iliyochunguzwa sana ni kingamwili dhidi ya protini p53. Protini hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1979, huizuia seli yenye vinasaba vilivyoharibika isigawanyike, au huifanya ife. Katika zaidi ya nusu ya saratani za utumbo mpana, jeni yake ina kasoro. Protini mbovu hurundikana, na mfumo wa kinga huanza kuiona kama adui. Mwaka 1982 watafiti wa Uingereza walizikuta kingamwili hizo kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Baadaye zilionekana pia kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5 wa saratani ya utumbo mpana.

Je, mwenye kingamwili nyingi ana kinga imara zaidi? Hapana. Baadhi ya tafiti zimezihusisha na ugonjwa uliokomaa. Nyingine hazikuona tofauti yoyote katika uhai wa wagonjwa. Sababu mojawapo ni kwamba p53 hukaa ndani ya seli, mahali ambapo kingamwili haifiki kwa urahisi. Kazi kubwa ya kuua seli za saratani hufanywa na seli T, aina ya seli nyeupe za damu. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake, Paris, walionyesha kuwa wingi wa seli T ndani ya uvimbe unaashiria maisha marefu zaidi. Kingamwili ni shahidi wa vita hivyo, si askari wake.

Ushahidi huo una faida ukifuatiliwa. Uvimbe ukiondolewa, kiwango cha kingamwili huweza kushuka. Kikipanda tena, daktari ana sababu ya kuchunguza upya. Kwa hiyo mgonjwa asikatishwe tamaa na namba moja ya maabara. Amwulize daktari: imebadilikaje tangu upasuaji, na vipimo vingine vinasemaje?

Hata hivyo, hakuna kipimo cha damu kinachofidia kuchelewa. Nchini Marekani, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ambao saratani yao haijatoka nje ya utumbo huishi miaka 5 au zaidi. Ukiona damu kwenye choo, mabadiliko ya haja yasiyokoma, au unapungua uzito bila sababu, usione haya. Nenda hospitali.