Mbwa wa Kazi na Bunduki: Madhara Mawili ya Kuzuiwa Kabla ya Dalili

Katika Mgololo na vijiji vingine vya Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, mbwa hafugwi kwa mapambo. Hulinda shamba la mahindi lililopakana na msitu, hufukuza nyani na nguruwe pori, hulala mlangoni usiku wa ukungu, na humsindikiza porini mwindaji mwenye kibali. Katika baadhi ya nyumba, pembeni ya mbwa huyo ipo bunduki.

Mtu aliyeishi na viwili hivyo kwa miaka 20 au 30 ana mashaka yake ya kila siku: mbwa amekonda, kupe wamezidi, mwiba umezama kwenye wayo, nguruwe pori amemrarua ubavu, baruti imeshika unyevu. Mambo hayo anayajua kuliko daktari wa binadamu. Yapo mawili, hata hivyo, ambayo mazoea humfanya ayapuuze: mkwaruzo mdogo wa jino la mbwa, na mlio unaobaki masikioni baada ya kufyatua risasi. La kwanza laweza kuondoa uhai, la pili huondoa usikivu. Yote mawili yana sifa moja: huzuilika kwa urahisi mapema, lakini dalili zikishakomaa hospitali haina uwezo wa kurudisha kilichopotea.

Safari ya virusi mwilini

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kupitia jeraha la kung'atwa, mkwaruzo, au mate yanayogusa kidonda kibichi, macho au mdomo. Vikishaingia havisambai kwa damu kama vimelea vya malaria, bali hufuata mishipa ya fahamu, polepole, kuelekea ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au kufikia mwaka. Jeraha la usoni au kichwani, ambako njia ni fupi, ni la hatari zaidi.

Muda huo wa safari ndio fursa tuliyo nayo. Chanjo ikitolewa mapema, mwili huunda kinga kabla virusi havijafika ubongoni. Vikishafika, mgonjwa huanza kuhisi muwasho au ganzi mahali palipong'atwa, huhangaika, hushindwa kumeza, huogopa maji, au hupooza. Kuanzia hapo, karibu kila mgonjwa hufariki ndani ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Shirika hilo yalifikia vifo takriban 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi kwa mbali ile iliyokuwa ikiripotiwa. Sababu ya tofauti hiyo si ngumu kuielewa: wengi hufia nyumbani, na familia husema amerogwa au malaria imempanda kichwani. Vifo hivyo vinatokea ilhali kinga imekuwapo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mjini Paris mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa.

Mtego wa mfupa kooni

Mbwa wa kazi yumo hatarini kuliko mbwa anayeshinda uani. Porini hukutana na bweha, nguchiro na nyegere, na huweza kurudi na jeraha ambalo mwenyewe hakuona lilivyopatikana. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Lindi na Mtwara ulionyesha kuwa bweha walikuwa sehemu kubwa ya wanyama waliougua kichaa cha mbwa huko. Mwindaji asidhani, basi, kwamba hatari ipo kwa mbwa koko wa mjini peke yao.

Watu wengi hungoja kuona mbwa mkali, anayetoka povu na kuuma kila kitu. Ipo sura nyingine ya ugonjwa huu, ya kimya. Mbwa hujitenga, sauti yake hubadilika, taya hulegea, mate humtoka, na chakula humshinda. Mwenye mbwa mwema, aliyezoea kumtoa miiba, hudhani mfupa umemkwama kooni. Hufungua kinywa na kuingiza mkono wenye michubuko ya jembe au ya mti. Hakung'atwa, kwa hiyo haendi kituo cha afya. Akiulizwa baadaye husema, "Daktari, huyu ni mbwa wangu mwenyewe, nilimlea tangu mdogo." Mazoea na mapenzi havizuii virusi. Mbwa aliyeshindwa kula ghafla na anayetokwa mate asiingizwe mkono kinywani. Afungiwe, na mtaalamu wa mifugo aitwe.

Ukishang'atwa au kukwaruzwa

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Hatua hii, inayowezekana hata kijitoni, hupunguza sana virusi vilivyoingia. Baada ya hapo paka dawa ya kuua vijidudu, kama vile iodini au spiriti. Usipake pilipili, mafuta ya taa, udongo wala majivu, na usitegemee jiwe la kunyonya sumu.

Pili, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kutoka Mgololo hadi Mafinga ni mwendo mrefu, hasa masika, na gharama ya chanjo mara nyingi humwangukia mgonjwa. Ndiyo maana ni vyema kupiga simu kwanza kuuliza chanjo inapatikana wapi. Hata siku zikiwa zimepita, mgonjwa asiye na dalili bado anapaswa kuchanjwa. Mjamzito na mtoto mchanga nao huchanjwa.

Tatu, kamilisha sindano zote kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Wapo wanaoacha baada ya sindano ya kwanza kwa sababu kidonda kimekauka. Kukauka kwa ngozi hakusemi lolote kuhusu virusi vilivyo katika mishipa ya fahamu.

Nne, ikiwezekana mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku alipong'ata, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Akiugua au akifa, afisa mifugo apewe taarifa ili sampuli ipelekwe Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye kituo pia Iringa. Chanjo isicheleweshwe kwa kungoja siku hizo 10 ziishe.

Kinga iliyo nafuu kuliko zote, hata hivyo, ni kumchanja mbwa. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa katika kila kampeni ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba chanjo za mbwa ziliukomesha ugonjwa huu. Ulirudi mwaka 2016, na ukakomeshwa tena kwa njia hiyohiyo. Mwenye mbwa wanne wa kazi awachanje wote wanne, pamoja na watoto wao, na atunze kadi zao kama anavyotunza leseni ya silaha.

Sikio halioti upya

Tugeukie jambo la pili. Ndani ya kila sikio mna seli za usikivu takriban 15,000, zenye vinyweleo vidogo vinavyoyumba sauti inapoingia. Kazini, sauti ya desibeli 85 kwa saa nane huhesabiwa kuwa kikomo cha usalama. Mlio wa bunduki huvuka desibeli 140 kwa kufumba na kufumbua, na risasi moja tu yaweza kuvunja vinyweleo hivyo. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Mlio unaobaki masikioni jioni ya siku ya kuwinda ni malalamiko ya seli hizo. Ukitoweka kesho yake, mtu hudhani amepona. Kumbe baadhi huenda zimekwisha kufa. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Mzee husikia ngurumo ya lori la magogo vizuri, lakini hawezi kutofautisha "fika" na "shika", na hulalamika kwamba wajukuu wanamung'unya maneno. Kwa anayelenga kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo huumia zaidi, maana ndilo lililo karibu na mdomo wa bunduki, wakati la kulia hukingwa na kichwa.

Katika eneo letu wapo wanaobeba mzigo mara mbili: mchana mashine za kiwanda cha karatasi au misumeno ya chenso msituni, na mwisho wa wiki bunduki. Kinga masikio wanazovaa kazini wazivae pia wanapofyatua, na walio karibu nao wafanye vivyo hivyo. Pamba ya kawaida haitoshi. Anayeshindwa kusikia ghafla baada ya mlio afike hospitali mapema, kwa kuwa siku za kwanza matibabu huweza kuokoa kiasi fulani.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa wa aina hii mara nyingi huja kwa jambo jingine: shinikizo la damu, mgongo, au kumsindikiza mjukuu. Maswali matatu yatosha. Mbwa wako wamechanjwa lini? Je, kuna aliyekung'ata, kukukwaruza au kulamba kidonda chako hivi karibuni? Je, masikio yako hulia baada ya kufyatua? Tusimuulize kwa sauti ya kumshtaki. Anayeogopa kuulizwa habari za kibali ataficha jeraha.

Jeraha la mbwa lisishonwe kwa haraka. Lioshwe kwanza, na kinga ya pepopunda ikumbukwe. Ngozi iliyopenya jino, au mate yaliyogusa kidonda, huhitaji imunoglobulini pamoja na chanjo kwa ambaye hajawahi kuchanjwa. Wanaoshika mbwa na wanyama pori mara kwa mara washauriwe kuhusu chanjo ya awali, inayotolewa kwa sindano za siku ya kwanza na siku ya saba baadaye.

Mwenye mbwa wa kazi ni mtu mwangalifu kwa tabia. Huitazama pua ya mbwa kila asubuhi na husafisha mtutu kila jioni. Tunachomwomba ni kwamba uangalifu huohuo aufikishe kwenye mkono wake mwenyewe na sikio lake, siku ambayo bado hapaumi.